Ua la Shamu na Methali ya Wahenga

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Methali hii huambiwa watu, lakini leo, ndugu msomaji, mimi nataka kuliambia ua.

Sisi watu wa mwambao maua tunayajua kwa pua kabla ya jicho. Asumini, kilua, mkadi, waridi: yote hutangulizwa na harufu yake. Basi huenda ukastaajabu nikikusifia ua lisilo na harufu ya kutajika. Wataalamu huliita Ranunculus asiaticus, na Waarabu jamii yake huiita hawdhani. Kwao ni Shamu, yaani Palestina, Lebanoni, Syria na Jordan, na pia Uturuki na Cyprus, ambako humea lenyewe kwenye vilima vya mawe.

Wala si mgeni wetu kabisa. Habbasoda, tuliyoizoea majumbani mwetu, ni ya ukoo huo huo. Katika hesabu ya wajuzi wa mimea, hao ni watu wa mlango mmoja. Lakini asije mtu akasikia udugu huo akalitia ua hili mdomoni! Utomvu wake mbichi ni sumu na huwasha ngozi. Hata mifugo huliepuka.

Lile la porini, huko Palestina na Lebanoni, ni jekundu, lina petali chache zing'aazo kana kwamba zimepakwa mafuta. Huchanua mvua za baridi zinapokwisha, kiasi cha Machi na Aprili. Mbawakawa huvutwa na wekundu ule, wakaingia kula chavua, wakatoka wameibeba kupeleka ua jingine. Na hivyo ndivyo mbegu zipatikanavyo. Kiangazi kikiingia majani hufa, na mizizi yake, yenye umbo la kucha za ndege, hulala ardhini kungoja mvua.

Ua hilo likatiwa bustanini. Sultan Mehmed wa Nne wa Uturuki, aliyetawala tangu 1648 hadi 1687, husimuliwa kuwa alilipenda mno. Lilifika Ulaya, na katika karne ya 18 Waingereza walikuwa na mamia ya aina zake, kila moja na jina lake. Walichagua yale yenye petali nyingi, wakachagua tena na tena, hata ua likajaa mfano wa waridi.

Lakini petali hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika vile vinyuzi vya chavua na viungo vya uzazi vilivyogeuka mapambo. Ua likijaa kabisa, halizai. Maisha yake yamo mkononi mwa bwana wake, mwenye kuigawa mizizi na kuipanda upya. Karne ya 19 mapenzi ya Waingereza yalipopoa, zile mamia ya aina zilitoweka karibu zote. La porini, lisilo na bwana, lingali likichanua hadi leo. Je, wahenga walikosea?

Sisemi bustani ni mbaya. Kule Carlsbad, California, hupandwa shamba la karibu ekari 50 za maua haya, na watu husafiri kwenda kuyatazama. Nawe ukiwa na jamaa Limuru au kwengine penye baridi, mwambie ajaribu. Airoweke mizizi mikavu kwa saa chache, aizike kina cha vidole viwili vitatu, kucha zikielekea chini, katika udongo usiotuamisha maji, kwani maji yakizidi huoza. Majani yakikauka aing'oe, aianike, aiweke mahali pakavu. Mombasa simshauri mtu. Joto letu hawdhani haliliwezi. Lakini achanganye na yale ya petali chache, ambayo moyo wake u wazi, ili nyuki nao wapate riziki yao.

Na milima yetu ya Kenya ina jamaa yake pia: Ranunculus multifidus, kijiua cha manjano kimeacho penye majimaji. Mimi sijasikia shairi la kukisifu. Hakina makuu, lakini mbegu zake kinazo chenyewe.

Basi mwenye bustani na aipambe, ila asilidharau pori. Bustani ni nguo ya sikukuu. Pori ndilo sanduku la akiba.