Kabati la Nyanya na Vishikio vya Inchi Tatu

Mwaka huu sikuleta shairi wala kisa cha sungura na fisi. Nataka kuwaeleza jinsi kabati kuukuu linavyofufuliwa, kazi niliyoifanya likizo ya Agosti hapa kwetu Kangeta, na jinsi nilivyokaribia kuiharibu.

Kabati lenyewe ni la nyanya. Lina droo tatu, na liliundwa kwa mbao za muuru, mti ambao Waingereza waliuita mwaloni wa Meru ingawa hauna undugu wowote na mwaloni. Wataalamu huuita Vitex keniensis. Umekatwa sana pande hizi za Mlima Kenya, hata ukatiwa katika orodha ya miti iliyo hatarini. Baba mdogo alitaka kulipasua kabati liwe kuni, ati limelegea na droo hazifunguki. Nikaomba wiki mbili.

Siku ya kwanza nilishika msasa, nikaipindua droo ya juu na kuanza kusugua kwa nguvu zote. Mara nyanya akapiga kelele, "Mjukuu wangu, unafuta watoto wangu!" Kumbe chini ya droo marehemu babu alikuwa ameandika kwa penseli tarehe za kuzaliwa za watoto wake wote. Mistari miwili ya kwanza ilikuwa imekwisha kuwa vumbi. Mmoja ulikuwa wa baba. Nyanya anaukumbuka mwaka, lakini siku hakumbuki. Tangu hapo sigusi chombo cha kale kabla ya kukikagua ndani, nyuma na chini, na msasa huja mwisho, tena ule laini. Uchafu mwingi hutoka kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni.

Baadaye fundi mmoja jirani alinifunza kazi. Miguu ilikuwa inacheza kwa sababu gundi ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka. Nilidhani ni kumimina mpya tu juu yake. La! Gundi mpya haishiki juu ya gundi nyingine, hushika mbao. Tulivibomoa viungo polepole kwa nyundo ya mpira, tukakwangua kwa patasi, tukapaka gundi na kuvikaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli hadi kesho yake. Droo zilizokwama tulizisugulia mshumaa pembeni, na sasa zinateleza kama samli.

Lakini shida yenyewe ilikuwa vishikio. Vilitakiwa sita, viwili kwa kila droo, navyo vilibaki vinne, vimepakwa rangi juu ya rangi. Fundi akaleta sumaku. Haikunasa, basi akasema ni shaba, si chuma kilichopakwa. Nikapiga mbio dukani kununua vipya sita, vya kung'aa, kwa pesa nilizochuma shambani kwa miraa. (Msicheke, nyinyi mnaojua kwamba Kangeta ni jina la miraa pia.) Kufika nyumbani, havikuingia! Matundu ya kabati yameachana inchi 3, yaani milimita 76, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Vile vya dukani ni milimita 96. Nilikuwa nimekwisha kuishika keekee nitoboe matundu mapya, fundi akaninyang'anya. Aliniambia tundu ukishalitoboa huwezi kulirudisha. Basi pimeni kabla ya kununua, wenzangu, maana vile sita bado ninavyo na mwenye duka hataki kuvirudisha.

Matundu ya skrubu za kitasa nayo yalikuwa yamepanuka. Hayo hayahitaji skrubu nene zaidi, ambayo inaweza kupasua mbao. Unachonga kijiti cha mbao, unakichovya katika gundi, unakipigilia ndani, unakikata na kuanza upya. Skrubu za shaba ni laini na hukatika vichwa, kwa hiyo fundi hutangulia na ya chuma ya ukubwa uleule, kisha huitoa na kuweka ya shaba iliyopakwa sabuni. Ya chuma haiachwi humo kwa sababu ikipata unyevu hushika kutu na kutia mbao doa jeusi.

Mwisho tulipaka nta ya nyuki, isipokuwa chini ya droo ya juu. Pale hapapakwi kitu.

Baba mdogo sasa analisifu kana kwamba yeye ndiye aliyeliokoa. Vishikio vinne vya kale viko droo mbili za juu. Ya chini inavutwa kwa kamba ya ngozi. Aliye na vishikio viwili vya shaba vya inchi 3 vilivyotupwa kwao anione Kidato cha Tatu. Nitabadilishana naye kwa vile sita vipya.