Fahamu: Uraibu wa mitandao ya kijamii ulipimwaje wakati wa UVIKO-19?

Kipimo kilichotumika sana kinatoka Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei. Mwanasaikolojia Cecilie Andreassen na wenzake walikitoa mwaka 2012 kwa watumiaji wa Facebook, kisha kikapanuliwa kugusa mitandao yote. Kina maswali sita tu. Je, unaiwaza mitandao muda mwingi? Umejaribu kupunguza ukashindwa? Unahangaika ukizuiwa? Kila jibu lina alama 1 hadi 5, hivyo jumla haizidi 30. Utafiti uliofanyika Hungary na kuchapishwa 2017 uliweka mpaka wa hatari kwenye 19.

Mwaka 2020 watu wakafungiwa ndani kwa sababu ya UVIKO-19. Swali mojawapo la kipimo hicho linauliza kama unaingia mtandaoni ili kusahau matatizo yako. Mwanafunzi ambaye shule yake imefungwa, bibi yake amelazwa na haruhusiwi kumwona, angejibu nini? Alama zitapanda, lakini kwangu mimi huo ni upweke, wala si ugonjwa. Tena uraibu huu haumo kwenye orodha ya magonjwa ya WHO, ICD-11, ingawa ule wa michezo ya kompyuta umo. Kabla ya kumwita mtu mraibu, ni lazima aulizwe pia kama analala.