Mbwa Walimwona Lazaro: Uaminifu wa Mbwa Unatufundisha Nini?



Wapendwa wasomaji, mtu akitaka kumdhalilisha mwenzake humwita mbwa. Hata Mtume Paulo, akiwaonya Wafilipi juu ya walimu wapotoshaji, alitumia jina hilo (Flp 3:2). Lakini mnyama huyu tunayemtaja kwa dharau ndiye anayekesha uani sisi tukiwa tumelala. Je, uaminifu wake una maana yoyote kwa maisha yetu ya kiroho?

Tunaanza na jambo lililotutokea hapa katika nyumba ya malezi. Mlinzi wetu wa usiku aliugua akalazwa hospitalini kwa wiki tatu. Mbwa wake, Simba, hakuelewa mzee amekwenda wapi. Kila jioni, sisi tukitoka kwenye Masifu, yeye alikwenda getini, akajilaza mbele ya kibanda kilichofungwa, akabaki hapo mpaka alfajiri. Tulimpita tukienda Misa. Tukasema, “Mbwa huyu ni mwaminifu kweli,” tukaendelea na safari yetu.

Jumapili ya pili, mmoja wetu aliuliza mezani, “Nani amekwenda kumwona mzee?” Hakuna aliyejibu. Kila siku tulikuwa tumewaombea wagonjwa wote, lakini mgonjwa wetu mmoja hatukumtembelea. Mchana ule tulikwenda.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mafrateri. Simba anakula?”

Tulitazamana. Hatukujua. Baadaye tulielezwa kwamba mama wa jikoni ndiye aliyekuwa akimpa makombo.

Tangu siku hiyo tumejadiliana mara nyingi juu ya Simba, na kwa kuwa tunasoma falsafa, tulianza na wanafalsafa. Platoni, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anamfanya Sokrate aseme kwamba mbwa ana tabia ya mwanafalsafa, kwa kuwa humpenda anayemjua na humbwekea asiyemjua. Tulicheka, maana tulijiona tumepata mwenzetu darasani. Mtakatifu Thoma wa Akwino ni makini zaidi. Anafundisha kwamba mnyama ana nafsi yenye hisi, lakini hana akili ya kupima sababu wala utashi huru. Hutenda kwa maumbile yake, kama kondoo anavyomkimbia mbwamwitu bila kufundishwa na mtu.

Kwa hiyo tuseme wazi: uaminifu wa mbwa si fadhila kwa maana kamili ya neno hilo. Simba hakukaa chini usiku akaamua kutomwacha mzee. Mbwa hatoi ahadi, na kwa sababu hiyo hawezi kuivunja. Sisi tunaahidi. Mume na mke wanaahidi mbele ya altare, padre anaahidi siku ya upadrisho wake, na kila mbatizwa ana ahadi zake za ubatizo. Tunaweza kuondoka, na ndiyo maana kubaki kwetu kuna thamani kubwa kuliko kwa mbwa. Na ndiyo maana pia kuondoka kwetu kunaumiza zaidi.

Basi kama si fadhila, ni nini? Tunaona kwamba ni ishara. Tazameni mbwa anapotajwa katika Maandiko na katika mapokeo ya Kanisa. Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anapoanza safari yake ndefu pamoja na malaika Rafaeli, mbwa anafuatana nao, na wanaporudi nyumbani bado yupo. Mbwa huyo hafanyi muujiza wowote. Anasindikiza tu.

Katika Injili ya Luka (16:19-31), maskini Lazaro amelala mlangoni pa tajiri, na mbwa wanakuja kuramba vidonda vyake. Wapo wanaoiona sehemu hiyo kama aibu nyingine juu ya aibu zake, na wapo wanaoiona kama huruma. Kwa vyovyote vile, mbwa walimfikia, na tajiri hakumfikia, ingawa mlango ulikuwa wake.

Halafu yupo Mtakatifu Roko, mzaliwa wa Montpellier nchini Ufaransa, aliyeishi karne ya 14 na ambaye sikukuu yake ni tarehe 16 Agosti. Mapokeo yanasimulia kwamba aliwahudumia wagonjwa wa tauni nchini Italia, kisha naye akaambukizwa. Akajitenga msituni karibu na mji wa Piacenza, na mbwa akawa anamletea mkate. Mwenye mbwa, alipomfuata mnyama wake ili ajue mkate unakwenda wapi, alimkuta mgonjwa. Ndiyo maana katika picha na sanamu za Roko mara nyingi kuna mbwa miguuni pake.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Katika masimulizi haya mbwa yupo karibu na mtu aliye safarini, maskini au mgonjwa. Hachukui nafasi ya binadamu. Anatuonyesha mahali ambapo binadamu anapaswa kuwapo. Mwenye mbwa wa Piacenza alifanya vema kumfuata. Sisi tulimpita Simba getini kwa siku kumi na zaidi, tukamsifu, na hatukutazama upande anaoelekeza.

Ishara hiyo inaweza kupotoshwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukatili: kumpiga mawe mbwa anayepita njia, au kumfunga mnyororo mfupi juani bila maji. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2415-2418) inafundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu, tunawajibika kuwatendea kwa wema, na kuwatesa bila sababu hakupatani na hadhi ya mwanadamu. Ya pili ni kuwapa wanyama mapendo yanayowastahili watu peke yao, au kuwatumia fedha ambazo kwanza zingeondoa taabu za wanadamu. Anayemkumbatia mbwa wake huku jirani yake analala njaa amerudi kwenye meza ya yule tajiri.

Wema huo una matendo ya kawaida kabisa. Anayefuga mbwa ampe maji na chakula, na ampeleke kupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huishia kwenye kifo. Kumchanja mbwa ni kumpenda mnyama na kumpenda mtoto wa jirani kwa tendo moja.

Mzee amerudi kazini. Siku hizi tunajua Simba anakula nini, na tunajua pia kwamba mzee ana wajukuu wanne na kwamba mguu wake wa kushoto bado unamsumbua. Katika parokia na jumuiya zenu ndogondogo, wapendwa, bila shaka yupo mtu ambaye hajaonekana kwa Jumapili kadhaa. Mwulizieni wiki hii, kisha mwende kwake.