Manahodha watatu, jahazi moja: Somo la Thabeet kwa Yanga na Simba

BAGAMOYO ikifika jioni, samaki wakishanadiwa pale ufukweni, huanza mnada wa pili: wa wachezaji. Hapo hakuna anayetoa hela, lakini kila mtu ana bei yake mdomoni. Huyu anataka winga kutoka Ivory Coast, yule anataka straika kutoka Kongo, wa tatu anawataka wote wawili na kiungo juu yake. Dirisha la usajili likiwa wazi, ubishi huo unapanda daladala, unapita Mapinga, unafika Bunju ulipo uwanja wa mazoezi wa Simba, na kuendelea mpaka Mwenge.

Watu wa Pwani wanasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo aliyekulia kwenye vyombo, akigeukia soka anataka manahodha wanne, na baharia hamtaji hata mmoja.

Kikosi chenye mastaa watatu au wanne kinajengwaje? Swali hili limewatesa zaidi watu wa mpira wa kikapu, na Mtanzania mmoja aliwahi kuliona kwa macho akiwa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo.

MTANZANIA KATIKATI YA MASTAA

Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, siku klabu za NBA zilipogawana vijana wapya. Aliyechaguliwa wa tatu alikuwa James Harden, akaenda Oklahoma City Thunder. Stephen Curry alisubiri mpaka namba saba.

Mambo ya Thabeet pale Memphis hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Akazunguka, na Julai 2012 akatua hukohuko Oklahoma City. Timu ilikuwa moto: Kevin Durant, Russell Westbrook, Harden na Serge Ibaka wa Kongo. Mwezi mmoja kabla walikuwa wamecheza fainali. Thabeet aliletwa kuwa sehemu ya benchi, mtu wa kuwapumzisha wakubwa chini ya goli.

Oktoba 27, siku chache kabla ya ligi kuanza, Harden akauzwa Houston Rockets.

Sababu ilikuwa hesabu. NBA haikuachii umwage mkwanja utakavyo. Kuna kikomo cha mishahara, na ukikivuka sana unalipa kodi nzito. Iliripotiwa kuwa Thunder walimwekea Harden mezani dola milioni 54 kwa miaka minne, naye alitaka zaidi. Houston wakampa milioni 80 kwa miaka mitano.

Miaka iliyofuata watu wote watatu walitwaa tuzo ya mchezaji bora wa NBA: Durant 2014, Westbrook 2017, Harden 2018. Walikuwa timu moja, wakicheza pamoja, na hawakutwaa ubingwa hata mara moja.

WALIOWAFUNGA WALIFANYA NINI?

Timu iliyowafunga Thunder kwenye fainali ya 2012 ilikuwa Miami Heat, nayo ilikuwa na mastaa watatu: LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh. Walikutana 2010 kwa kelele nyingi, na msimu wa kwanza tu wakapigwa fainali na Dallas Mavericks, michezo 4-2.

Lakini wale watatu walikuwa wamefanya jambo ambalo mashabiki wengi hawakulitilia maanani. Kila mmoja alikubali mshahara wa chini kidogo ya kile ambacho angeweza kupata. Chenji iliyobaki ikasaidia kumbakisha Udonis Haslem, mpiganaji wa timu, na kumleta mtupaji Mike Miller.

Mchezo wa tano wa fainali ya 2012, Miller alitokea benchi akafunga mitupo saba ya pointi tatu. Ubingwa ukaenda Miami. Mwaka uliofuata walipokuwa sekunde tano tu watolewe na San Antonio Spurs, aliyewaokoa ni Ray Allen, mkongwe aliyekuwa akitokea benchi. LeBron alikuwa ametupa, akakosa. Bosh akaudaka mpira, akampa Allen, ikawa tatu. Heat wakaushinda mchezo ule, kisha wakabeba kombe.

Kwa hiyo siri haikuwa idadi ya mastaa, maana pande zote mbili zilikuwa nao. Miami walibaki na hela na nafasi kwa ajili ya mtu wa nane na wa tisa.

RUDI KWA MKAPA

Sisi hatuna kikomo cha mishahara, lakini kuta tunazo. Kwa misimu ya karibuni klabu ya Ligi Kuu imeruhusiwa wageni 12 tu. Na ukuta mwingine ni klabu tajiri za Kaskazini: mchezaji aking'ara, wanabisha hodi.

Simba wanaujua uchungu huo. Mwaka 2021 walimfunga Al Ahly bao 1-0 kwa Mkapa, Luis Miquissone akitupia, wakaongoza kundi lao Ligi ya Mabingwa. Agosti mwaka huohuo Luis akaenda Al Ahly yenyewe na Clatous Chama akaenda RS Berkane. Simba waliotwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo hawakuuona msimu uliofuata.

Yanga nao waliondokewa na Fiston Mayele mwaka 2023, baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho. Hawakupata straika wa kumfikia. Badala yake wakaja Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli, wakamkuta Stephane Aziz Ki. Novemba 5, 2023 Simba akala 5-1: Maxi mawili, Aziz Ki moja, Pacome moja, na Kennedy Musonda aliyefungua mlango.

Tuliimba majina matatu. Lakini watatu wale walicheza kwa raha kwa sababu nyuma yao alikuwepo Khalid Aucho akifagia, Dickson Job na Ibrahim Bacca wakilinda, na Mudathir Yahya akikimbia kwa ajili ya wote. Mudathir alisajiliwa Januari 2023 akiwa hana timu. Hakuna aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege kwa matarumbeta.

Kisha ikaja 2024. Yanga wakamchukua Chama kutoka Simba, Prince Dube akatoka Azam, Jean Baleke naye ndani. Jangwani ilikuwa sherehe. Lakini Chama, Aziz Ki na Pacome wote raha yao ni kucheza nyuma ya straika na mpira miguuni, na mpira ni mmoja. Novemba kocha Miguel Gamondi akaondoka baada ya vipigo vya Azam na Tabora United, na Ligi ya Mabingwa ikaishia makundi. Tuwe wakweli, ubingwa wa ligi walibeba. Ila Chama aliondoka baada ya msimu mmoja, na mfungaji wao bora kwenye ligi akawa Clement Mzize, mtoto aliyepandishwa kutoka timu ya vijana, mabao 14.

Msimu huohuo Simba ya Fadlu Davids, iliyojaa sura mpya zisizo na majina makubwa, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho.

HESABU YA NANE

Kikapu kina watu watano uwanjani. Ukiwa na mastaa watatu umeshajaza zaidi ya nusu ya timu, na bado Thunder walikwama. Soka ni watu 11. Mastaa watatu wanakuachia nafasi nane za kujaza, bila kuhesabu benchi. Nafasi hizo ndizo za akina Mudathir na Mzize, na ndizo anazoziota kijana anayecheza mchangani Bagamoyo leo. Kila mgeni anayeletwa kwa ajili ya picha ya utambulisho anaziba nafasi ya mtu wa kazi.

Basi dirisha likifunguliwa tena na jina kubwa likitajwa pale ufukweni, usiulize tu anafunga mabao mangapi. Uliza anamweka nani benchi, nani atamkabia, na klabu imebakiwa na shilingi ngapi za kumlipa huyo mkabaji. Tanga la jahazi linaonekana kutoka mbali, lakini chombo kikianza kuingiza maji, anayetafutwa ni mwenye ndoo.