Cheti cha Huduma ya Kwanza Kisiishie Ukutani

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii tumeitumia vibaya mno. Basi likipinduka, mtoto akizama bwawani, mzee akianguka kanisani katikati ya ibada, sisi huitamka kwa masikitiko, tukatikisa vichwa, kisha tukarejea katika shughuli zetu kana kwamba hapakuwa na lolote ambalo mkono wa binadamu ungeweza kutenda. Lakini methali yenyewe haikutuambia hivyo. Ilitukumbusha kwamba ajali hazizuiliki daima. Haikutuagiza tukunje mikono na kumtazama mwenzetu akikata roho.

Nayaandika haya nikiwa Machakos, na nawalenga hasa walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao. Hoja yangu ni hii: mwalimu asikabidhiwe darasa kabla ya kufunzwa huduma ya kwanza na kutahiniwa kwa vitendo, na mwanafunzi asiondoke katika shule ya sekondari bila kujua namna ya kuuokoa uhai wa jirani yake katika zile dakika chache kabla daktari hajafika.

Yamkini hakuna mahali nchini ambapo hoja hii inapaswa kueleweka upesi kuliko hapa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, karibu na mji huu wetu, na wavulana 67 wakapoteza maisha. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wengi wa marehemu walizikwa pamoja katika uwanja wa shule, na kaburi lao lingali pale. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1998, wasichana 26 walikuwa wameteketea katika shule ya Bombolulu, wilayani Kwale. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni, ikaagiza mabweni yawe na milango ya kutosha inayofunguka kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo, Septemba 2024 tuliomboleza tena, safari hii wavulana 21 wa shule ya msingi ya Endarasha katika kaunti ya Nyeri.

Atatokea msomaji wa kuniuliza: je, huduma ya kwanza ingeufungua mlango ule? La, isingeufungua. Aliye ndani ya chumba kilichofungwa anahitaji mlango kabla ya kuhitaji bendeji. Lakini yeyote aliyewahi kuhudhuria mafunzo haya anajua kwamba somo la kwanza kabisa halihusu bendeji. Somo hilo ni kuitazama hatari: kuna nini hapa kinachoweza kuua, nani yuko hatarini, na njia ya kutokea iko wapi? Mwalimu aliyezoezwa kujiuliza maswali hayo hawezi kupita kila jioni mbele ya mlango wa bweni uliotiwa kufuli na kuuona kuwa jambo la kawaida. Aidha, kila moto wa shule huwaacha majeruhi waliotoka wakiwa hai. Hao hukutana kwanza na mwalimu, matroni, mlinzi na wanafunzi wenzao. Daktari huja baadaye.

Neno hilo, baadaye, ndilo kiini cha mambo yote. Moyo wa mtu ukisimama, ubongo hukosa oksijeni, na baada ya dakika nne hadi sita huanza kuharibika. Katika mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla, kila dakika inayopita bila msaada hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia saba hadi kumi. Sasa chukua saa yako, msomaji mpendwa, ukapime mwendo kutoka shule iliyo kando ya Masinga, au vilima vya Mwala, hadi hospitali kuu ya Machakos. Mwaka 2014 serikali ya kaunti yetu ilizindua ambulansi 70 kwa mkupuo mmoja, na lilikuwa jambo la kupongezwa. Lakini hata ambulansi iliyo bora kuliko zote, ikiendeshwa kwa kasi zaidi ya zote, haiwezi kupanda kilima cha Iveti kwa dakika nne. Aliye karibu ndiye daktari wa dakika hizo, apende asipende.

Wala ujuzi huu si wa kale wala si wa siri. Ni mwaka 1960 tu ambapo watafiti watatu wa Johns Hopkins nchini Marekani, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walitangaza kwamba moyo uliosimama unaweza kusaidiwa kwa kubonyeza kifua kutoka nje, bila kisu. Walisisitiza kwamba kinachohitajika ni mikono miwili tu. Wakati huohuo daktari Peter Safar alikuwa amethibitisha kwamba pumzi ya mtu mzima ikipulizwa mdomoni inatosha kumlisha hewa asiyepumua. Mwaka huohuo wa 1960, mtengenezaji wa vitu vya watoto kutoka Norway, Asmund Laerdal, alitoa mwanasesere wa kufanyia mazoezi aitwaye Resusci Anne. Uso wake ulinakiliwa kutoka kinyago cha msichana asiyejulikana jina, anayesimuliwa kuwa alizama katika mto Seine mjini Paris. Hivyo msichana ambaye hakuokolewa amewafundisha mamilioni ya watu kuokoa.

Mwaka jana nilihudhuria mafunzo ya siku mbili katika ukumbi mmoja mjini Machakos. Tulikuwa kundi la ajabu: wauguzi wawili wa zahanati, waendeshaji wa bodaboda, mpishi wa shule, mama wa kikundi cha akina mama, na sisi walimu watatu. Mwanasesere alilazwa sakafuni. Mkufunzi alituonyesha: kiganja kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, mabonyezo ya kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na baada ya kila mabonyezo 30 pumzi mbili. Tulicheka mwanzoni. Baada ya dakika mbili hakuna aliyekuwa akicheka, kwa maana kazi ile huchosha kama kulima shamba kavu, na ndiyo sababu waokoaji hupokezana. Nilichokiona ni kwamba yule mpishi, ambaye alikuwa ametuomba radhi kwa kutosoma sana, alibonyeza vizuri kutushinda sisi wenye shahada. Mwili wa mgonjwa hauulizi umesomea wapi.

Siku ya pili mkufunzi alituuliza tunavyofanya nyumbani, na hapo ndipo nilipotambua ukubwa wa kazi iliyo mbele yetu. Mtoto akiungua, mmoja humpaka dawa ya meno, mwingine mafuta ya kupikia, mwingine unga. Kumbe dawa ya kwanza ya moto ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Mtu akiumwa na nyoka, na Ukambani twamjua moma na twamjua swila, jamaa hufunga kamba kwa nguvu, hupasua kwa wembe, hunyonya damu. Yote matatu yana madhara. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe, na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mwanafunzi mwenye kifafa akianguka darasani, wenzake humtia kijiko mdomoni. Wamwondolee vitu vya kumuumiza, wasimkandamize, na mtikisiko ukitulia wamlaze kwa ubavu. Anayetokwa na damu puani huinamishwa nyuma hadi aimeze damu yake, ilhali anapaswa kuinama mbele na kubana pua. Na aliyegongwa na pikipiki hubebwa mkukumkuku, mmoja kashika miguu na mwingine mabega, na uti wa mgongo ambao haukuwa umekatika barabarani hukatikia mikononi mwa wasamaria wema.

Haya si makosa ya watu wabaya. Ni makosa ya watu wenye huruma ambao hakuna aliyewafunza. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka Nairobi na kuua zaidi ya watu 200, wananchi walikimbilia vifusi kwa mikono mitupu wakawapakia majeruhi katika matatu na magari ya mizigo. Dunia nzima iliushangaa moyo ule. Moyo tunao tayari. Kilichopungua ni maarifa.

Sasa nije kwenye cheti chenyewe. Nchini mwetu mafunzo haya hayakuanza jana. Shirika la St. John Ambulance limekuwapo Kenya tangu 1928, na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo inamtaka mwajiri awe na vifaa vya huduma ya kwanza. Kwa hiyo viwanda vya Athi River huwapeleka wafanyakazi wao mafunzoni, vyeti vikatolewa, vikatiwa fremu, vikatundikwa. Tatizo ni kwamba mikono husahau. Utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba ustadi wa kubonyeza kifua hupungua miezi michache tu baada ya mafunzo. Ndiyo maana Shirika la Moyo la Marekani, ambalo kozi zake hufuatwa katika nchi nyingi, hutoa cheti cha miaka miwili tu, kisha mtu arudi ajaribiwe upya.

Hili lawahusu wauguzi na matabibu pia. Tunadhani kwamba aliyevaa koti jeupe hawezi kusahau. Lakini muuguzi wa zahanati ya mashambani anaweza kukaa mwaka mzima bila kuona moyo uliosimama, na siku utakaposimama mbele yake, atakuwa peke yake. Anahitaji mazoezi kuliko mwenzake wa hospitali kubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haki hiyo ni maneno matupu iwapo yule anayepaswa kuitoa hakuwezeshwa kuitoa.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba mtaala umejaa. Norway iliingiza huduma ya kwanza katika mtaala wa shule tangu 1961, na watoto wake hawakushindwa hesabu kwa sababu hiyo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono pendekezo la kuwafunza wanafunzi kubonyeza kifua kwa saa mbili tu kila mwaka, kuanzia umri wa miaka 12. Saa mbili! Tunapoteza zaidi ya hizo tukimngoja mgeni wa heshima siku ya kutoa zawadi.

La pili ni kwamba juhudi hizi hazina faida mahali pasipo na mashine za kushtua moyo kwa umeme. Pingamizi hili lina uzito, na sitaki kumdanganya mwanafunzi yeyote kwamba kila anayebonyezwa kifua huamka. Wengi hawaamki, hata katika nchi tajiri. Lakini tuitazame Denmark, iliyofanya mafunzo haya kuwa ya lazima shuleni mwaka 2005. Mwaka 2001, katika kila watu 100 walioanguka moyo ukasimama nje ya hospitali, 21 tu walisaidiwa na waliokuwa karibu. Kufikia 2010 walikuwa karibu 45. Waliokuwa hai baada ya siku 30 waliongezeka kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Ni kweli kwamba ambulansi na hospitali zao nazo ziliboreka, lakini mlolongo wote ulianza na jirani aliyepiga magoti. Isitoshe, mtoto aliyezama au kupaliwa na chakula, na aliyekatwa mshipa kwa panga, hawahitaji mashine hiyo kwanza. Wa kwanza anahitaji pumzi, wa pili kupigwa mgongoni, na wa tatu kiganja kilichokandamiza jeraha bila kuachilia.

La tatu ni fedha. Hapa naomba tukumbuke tulivyo sisi Wakamba. Mabwawa ya mchanga na makinga-maji ya mashamba ya Machakos hayakujengwa na matajiri. Yalijengwa kwa mwethya, watu wa kijiji wakikusanyika na majembe yao. Kwa nini tusiwe na mwethya wa huduma ya kwanza? Mwalimu mmoja aliyefunzwa akiwafunza wenzake kumi, nao wakafunza madarasa yao, gharama hubaki ya mwanasesere mmoja anayezunguka kutoka shule hadi shule.

Basi napendekeza mambo matatu. Vyuo vya ualimu, kikiwemo chuo chetu cha Machakos, vimtahini kila mwanafunzi wake kwa vitendo kabla ya kuhitimu. Kila shule ya bweni ifanye zoezi la moto na la huduma ya kwanza mara moja kila muhula, usiku, si mchana wakati kila mtu yuko macho. Na kila cheti, cha mwalimu au cha muuguzi, kiwe na tarehe ya kuisha, na tarehe hiyo iheshimiwe.

Tusingoje wizara ituandikie waraka. Mwalimu anayesoma gazeti hili katika chumba cha walimu aweza kuinuka sasa hivi akalifungue sanduku la huduma ya kwanza la shule yake. Alitazame limebaki na nini, amuulize mwalimu mkuu ni nani mwenye ufunguo wa bweni usiku, kisha aliandike jina lake kwenye orodha ya mafunzo yajayo.