Fahamu: Kwa nini safari za usiku Mara haziruhusiwi kila mahali

Msafiri atokaye Kericho, akayapita mashamba ya majani chai ya Bomet hata akateremkia nyanda za Narok, hudhani kwamba kanuni ni moja mchana na usiku; kumbe sivyo, kwani ndani ya Hifadhi ya Maasai Mara, jua likishatua, magari ya watalii hayana ruhusa ya kuzunguka, ilhali katika hifadhi za jamii zipakanazo nayo, kama vile Naboisho na Olare Motorogi, ambazo ardhi yake Wamaasai wenyewe huikodisha, ruhusa ipo.

Huko kiongozi huipitisha taa yenye kioo chekundu juu ya nyasi, taratibu, isiwaudhi wanyama, mpaka macho yawake. Kwa maana ndani ya jicho la fisi, la chui, hata la komba, mna utando urudishao nuru. Kiboko naye, aliyeshinda kutwa katika Mto Mara, ndipo hutoka kwenda malishoni. Wengi humtamani simba. Mimi nathubutu kusema kwamba muhanga, achimbuaye mchwa kwa makucha yake, ni tunu adimu zaidi.