Huduma za afya ya akili zahitaji msimamizi

AFYA ya akili ikitajwa, wengi humfikiria daktari na Hospitali ya Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910. Ni wachache wanaomkumbuka msimamizi wa huduma, ilhali ndiye anayehakikisha dawa zipo na zamu zina wahudumu.

Msimamizi huyu ni nani? Aghalabu ni muuguzi, mwanasaikolojia au daktari aliyehudumia wagonjwa kwa miaka kadhaa, kisha akasomea usimamizi wa afya. Huandaa bajeti, huagiza dawa kabla hazijaisha, hulinda siri za wagonjwa na kuhakikisha kuwa walioruhusiwa kwenda nyumbani wanafuatiliwa. Hapo ndipo penye uzito: mgonjwa wa skizofrenia akikosa dawa kwa majuma machache, maradhi huweza kumrudia kwa kishindo, na jamaa zake wakaanza safari ya hospitali upya.

Baadhi yao, wakishapata tajriba, huwa washauri wa hospitali, shule na kampuni.

Haja ya wataalamu hawa imezidi. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazitaka kaunti zitoe huduma hizi na kuzitengea fedha. Nayo Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kuwa kumwadhibu mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mtu huyo sasa anastahili kupokewa na mhudumu wa afya badala ya askari. Pasipo msimamizi, huenda akafika zahanatini asimkute yeyote.